Riale Niliyoipinda

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja nlikuwa napakua mizigo bandarini Matrah, huko Omani, magunia mazito hata punda wakinionea huruma. Huko baharia mmoja, Kiswahili chake cha Mombasa, akanambia alikotembea yeye, kijana akimtaka msichana huipinda sarafu ya fedha akampa. Msichana akiiweka, kakubali. Akiirudisha, basi tena.

Mie nlikuwa nshaposa, binti wa nyumba ya tatu, na jibu liko kwa mamake. Mama huyo alishuku hata kivuli chake. Akenda sokoni hugeuka nyuma kutazama kinamfuata kwa nini. Nkaona nisukume mambo. Nkachukua riale yangu ya fedha, ile kubwa yenye sura ya mwanamke wa Kizungu kifua wazi, nkenda kwa sonara ikabanwa kwenye jiriwa, nkaivuta kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikawa minene kama kamba za nanga. Ikakubali. Dadangu akampelekea binti, imefungwa kwenye leso.

Adhuhuri haijafika, naitwa. Riale iko juu ya mkeka, mama hataki hata kuigusa.

Kitu ambacho Matrah nzima ilikijua, ila mie mgeni, ni kuwa wavunja fedha wa sokoni, wale wabadilishaji, wakipewa riale ya bandia huipiga nyundo wakaipinda, isije ikamdanganya mwengine.

"Umemletea mwanangu riale ya risasi," akanambia. "Mtu anayeposa kwa bandia, mwenyewe ni nini?"

Nkaapa, nkaeleza habari ya baharia. Ndo nkaharibu. Sasa akataka kujua baharia gani, nakutana naye wapi, na huyo mwanamke kifua wazi ni nani wangu. Nkamwambia huyo kafa zamani. Akauliza nimejuaje.

Mwisho akaishika kwa upindo wa kanga, akaitia menoni, maana risasi huacha alama ya jino. Ikalia ko! Nkadhani mzinga wa ngomeni. Akatema nusu ya gego kiganjani, na riale haina hata mkwaruzo.

Nkajua nimekwisha. Nani atamwoza mwanawe kwa mtu aliyemvunja jino?

"Ni fedha," akasema, shavu kalishika. "Sasa nambie, baba, mtu na akili zake anaharibu fedha nzima kwa nini?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mama, nipe yangu."

Mkono ukatokeza, kiganja wazi. Mama akautazama kama nao anautilia shaka. Hakumpa upesi, akataka kwanza niape kwa msahafu kuwa riale ile haijasomewa kitu. Nkaapa. Akampa, na vidole vikafumba.

Ijumaa ya pili yake nkaozwa. Mama mkwe kakaa mlangoni, shavu bado limevimba, akinusa kila chetezo kilichotoka kwetu.