Magoti Yangu na Sakafu za Watu

Siku yangu ya kwanza kazini, fomeni hakuniuliza jina. Alinitazama magoti. Nilikuwa nimetoka Bungoma wiki ile, nimefikia jijini kwa mjomba wangu, mtaa wa Ziwani, na jengo lilikuwa upande wa Pumwani, mwendo wa miguu. Akasema, "Hayo magoti ndiyo mashine yako. Piga chini." Nikapiga magoti saa mbili asubuhi, nikainuka saa saba.

Kazi yetu ilikuwa terazo. Ninyi wa leo mmezoea vigae vya kubandika. Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ya rangi. Unaimwaga, unaisawazisha kwa mwiko huku ukirudi nyuma kwa magoti, na ikishakauka inasagwa kwa mashine mpaka ing'ae. Ukishaimwaga haikungoji. Kama hujamaliza kusawazisha, itagandia hapo hapo na mabonde yake.

Baada ya miaka miwili goti langu la kulia lilivimba kwa mbele, laini kama chungwa lililoiva sana. Mbele ya pia ya goti kuna kifuko chembamba cha majimaji kinachozuia ngozi isisuguane na mfupa. Ukikikandamiza kila siku kinafura. Wakati ule hatukujua hayo. Tulikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kesho tukarudi chini.

Mwenzangu Otieno, tuliyefanya kazi bega kwa bega, alipata mpira wa ndani wa tairi la lori huko Kariobangi. Akaukata, akaukunja mara tatu, akaushona, akatia mikanda. Tukajifunga magotini, na kwa mara ya kwanza nikamaliza siku bila kuchechemea. Fomeni alipoona alichomoa kisu, akakata mikanda yote minne.

"Mnataka kulala? Mafundi wangu hawatumii mito."

Kesho yake Otieno alikuja na mingine. Saruji ilikuwa tayari imechanganywa, imelowa. Tukajifunga. Fomeni akaja na kisu chake, nami nikasimama wima.

"Wafula, piga chini."

"Ukikata, sipigi."

"Hiyo saruji inakauka."

"Naona."

Otieno naye akasimama, kisha wengine, mpaka chumba kizima kikawa kimesimama na mwiko mkononi. Mke wangu Nekesa alikuwa na mimba ya kwanza, na kazi nyingine sikuwa nayo. Fomeni akamwita mhandisi wa jengo, akitarajia tufukuzwe. Mhandisi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinama, akabonyeza uvimbe wangu kwa kidole, nikauma meno. Akamwambia fomeni, "Waache wavae. Nataka sakafu, sitaki vilema."

Wenzangu walivaa mipira tangu siku hiyo. Mimi fomeni alinihamishia kwenye mashine ya kusaga, nzito, na maji machafu mpaka viatuni, mwaka mzima. Sikumwomba msamaha.

Baadaye nilikuwa msimamizi wa genge langu, nikatandaza sakafu za shule, benki na kanisa. Asiye na kinga ya magoti sikumruhusu kugusa mwiko. Lakini goti langu lilikuwa limeshaharibika ndani. Lilianza kulia kama mchanga chini ya kiatu, kisha likapinda. Ngazi za fleti yetu Kariobangi nilizishuka kinyumenyume.

Daktari wa mifupa alinipiga picha ya eksirei nikiwa nimesimama, uzito wote juu ya goti. Akanionyesha. "Mzee, hapa kati ya mfupa wa paja na muundi palipaswa kuwa na nafasi. Hiyo nafasi ni gegedu, ile nyama ngumu nyororo inayofunika ncha za mifupa. Yako imekwisha. Mfupa unasaga mfupa."

Hatukukimbilia kisu. Nilifanya mazoezi ya kuimarisha mapaja, nikapunguza uzito, nikanywa dawa, nikachomwa sindano ya goti. Nilipata nafuu, ikapita. Mwishowe daktari akasema kilichobaki ni kubadilisha goti, kuweka la chuma na plastiki.

Shemeji zangu walikuja nyumbani kunizuia. "Umri huu? Kaa tu. Kazi umemaliza."

Nikawaambia, "Kazi nimemaliza. Kutembea sijamaliza."

Nekesa aliwasindikiza mpaka mlangoni. Kisha akauliza, "Unaogopa?"

"Sana."

"Basi tutaenda pamoja."

Nilipasuliwa. Siwadanganyi, wiki za mwanzo ziliniliza, hasa mtaalamu wa mazoezi alipolikunja goti jipya nikiwa nimeshika shuka kwa meno. Lakini kufikia mwezi wa nne nilishuka ngazi zetu uso mbele, Nekesa akinitazama kutoka juu.

Watu hunionea huruma, kwamba kazi ilinila. Huruma hiyo siitaki. Sakafu zangu bado zinang'aa, na mtoto wa mtu hakuumia mikononi mwangu kwa kukosa kipande cha mpira. Ninachojuta ni ile miaka miwili ya kukaa kimya.

Daktari alinishauri nisipige magoti kwa goti hili. Jumapili iliyopita mchungaji alipotuomba tupige magoti, kanisa zima lilishuka. Mzee aliyekuwa kando yangu akanivuta koti. "Wafula, shuka."

"Mimi nilishapiga ya maisha yangu yote," nikamwambia, nikasali nikiwa nimesimama.