Siku Niliyoruka Miguu ya Mama

Nilipokuwa na miaka saba, katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda kule Shituru, tuliishi na sheria moja nzito kuliko zote za chef, mkuu wa kambi: usiruke miguu ya mwanamke mwenye mimba. Ukiruka, geuka uruke tena kurudi ulikotoka. La sivyo mtoto atazaliwa mguu umepinda.

Mimi niliruka. Mama alikuwa ameketi mlangoni, tumbo kama beseni, miguu ameinyoosha, amefumba macho. Sireni ya kiwanda ikalia, nikatoka mbio kumpokea Papa, baba yangu. Sikugeuka kuruka tena.

Mwezi uleule akazaliwa Ilunga, wayo wa kushoto umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu, kama mguu unaotaka kujificha.

Nkambo, mama yake Papa, alimtazama mtoto, kisha akatutazama sisi. "Nani aliruka? Aseme, arudilie. Bila ile, dawa ya bazungu ni bure."

Nirudie wapi? Tumbo lilikuwa limekwisha.

Mama ndiye aliyejibu. "Ni minye, Mama. Nilicheka kilema ku soko."

"Eeh! Weye na ile meno yako!" Nkambo akapiga makofi. Tangu siku hiyo, uji ukiungua, ni Mama. Mtoto akilia, ni meno ya Mama. Papa alikula, akanawa mikono, akarudi kiwandani.

Kila Ijumaa tulikwenda hospitali, Mama, Nkambo na mimi mbeba nepi. Muuguzi wa plasta, mzee tuliyemwita Papa Kasongo kwa heshima, aliukanda ule mguu, akausukuma nje kidogo tu, kisha akauviringishia bendeji nyeupe ya maji maji iliyogeuka jiwe, ile plâtre. Wiki iliyofuata aliivua, akasukuma kidogo tena.

"Muguu ya mutoto ni muti mubichi," alisema. "Ukivuta na nguvu, unavunja. Ukienda naye polepole, anakusikia."

"Na mama yake mwenye kucheka?" Nkambo akauliza.

"Nkambo, hii muguu ilipinda zamani, wakati tumbo ilikuwa haiyaonekana bado kwa bantu. Hakuna muntu aliifanya."

Nkambo akasonya. "Weye unajua plâtre. Minye najua tumbo."

Nami, nepi mkononi, nikapiga hesabu. Niliruka tumbo likiwa beseni. Basi mguu ulikuwa umekwisha kupinda! Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza maishani, na haikuwa na tundu hata moja. Lakini ili niitoe, ilibidi kwanza niseme niliruka. Nikaimeza. Mama akaendelea kutukanwa.

Mguu ulinyooka: plasta baada ya plasta, kisha viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Leo Ilunga anapiga mpira kwa mguu uleule wa kushoto. Nkambo alikufa akisema ni kwa sababu Mama alitubu.

Sasa niko chuo kikuu, na huku kampasi wenzangu wananiogopa kwenye mdahalo. Nasimama nauliza: kwa nini kila ugonjwa wa mtoto utafutiwe mwanamke wa kuubeba? Papa aliulizwa nini? Wananipigia makofi, nami nikikaa nakumbuka ile hoja niliyoimeza.

Likizo iliyopita nilimkuta Mama mkekani anachambua maharage, miguu ameikunja chini yake, kama anavyokaa siku zote.

"Mama, nyoosha miguu, upumzike."

"Ili uruke tena?"

Hakuinua hata macho. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa amelala pale mlangoni.

Akacheka kidogo, akatupa punje mbovu. Miguu hakuinyoosha. Na mimi, bingwa wa maneno, nikaketi kando yake, nikaanza kuchambua maharage.