Kofia ya Soda ya Mama

Juzi nilikwenda Chamazi kwenye harusi ya mjukuu wa mpangaji wetu wa zamani. Ukumbi umepambwa mpaka macho yanauma, muziki unapigwa kama vile sie wote viziwi. Kijana wa kuhudumia akaniamkia shikamoo, akaniwekea soda ya kopo, akaifungua mbele yangu kama adabu inavyotaka, kisha akachomeka kipande cha tishu kwenye tundu lake. Nikamuuliza tishu ya nini. "Nyuki, mama. Leo wametuvamia." Kijana wa watu hakuwa na kosa, lakini nilikasirika. Mie ndivyo nilivyo, hasira zangu ziko karibu, na wewe unayenijua hutashangaa. Tishu inalowa, inadondokea ndani, na nyuki anapita pembeni. Kopo la soda halizibwi hivyo. Namna ya kuliziba ninaijua tangu utotoni, na ningeshukuru kama nisingeijua.

Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya bibi mzaa mama, aliyehamia mjini na marehemu babu kutoka kusini, upande wa Lindi. Nyumba ya udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Kimoja cha bibi, kimoja changu na mama, na cha uani alikaa mpangaji, kuli wa bandarini, mtu mpole ambaye hata akikohoa anaomba radhi. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, sukari unaisubiri foleni duka la ushirika, na foleni yenyewe tunaipanga kwa mawe: unaweka jiwe lako kushika nafasi, unarudi nyumbani kukoroga uji. Jioni wakubwa walikusanyika barazani kwa balozi wa nyumba kumi kusikiliza redio. Redio ikifundisha afya: chimbeni vyoo, chemsheni maji, nzi ni adui. Wanawake wengine walisikiliza huku wanachambua mchicha na kusengenyana kidogo. Bibi yangu alisikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa.

Akarudi nyumbani na imani moja, kwamba maradhi yote yanaletwa na mdudu, na nyumba isiyo na mdudu haina mgonjwa. Toka siku hiyo hatukupumua. Kila chungu kilifunikwa kawa, kila kikombe kisahani. Kabati la vyakula, lile la wavu, lilisimamishwa miguu yake ndani ya makopo ya maziwa yaliyojazwa maji, na juu ya maji tone la mafuta ya taa, ili sisimizi wasipande. Kazi ya kuongeza maji ilikuwa yangu, kila asubuhi kabla ya shule. Nikisahau, bibi hanipigi. Ananiita tu, "Mke mwenzangu, njoo uone," ananionyesha mstari wa sisimizi mguuni mwa kabati, kisha anasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa naona njaa, kwa sababu chakula chetu chote kilikuwa na harufu yake kwa mbali.

Hayo yangekuwa mambo ya kuchekesha tu kama mama asingeugua. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nguo, mwanamke mnene, mcheshi, akicheka na kitanda kinacheka. Tumbo likaanza kumuuma, likavimba, na mwili uliobaki ukaanza kwisha. Wakampeleka hospitali kubwa, akalazwa, akarudishwa. Bibi alisimulia maneno ya daktari ukumbini, mbele ya mpangaji na mke wa balozi: "Kasema tukae naye nyumbani, tumpe anachopenda." Nilimwona mke wa balozi akiinamisha kichwa na kujifunika khanga usoni. Mpangaji naye akatazama mlango. Bibi peke yake alikuwa anatabasamu, kwa sababu kwake yeye ile ilikuwa dawa. Daktari kaandika dawa, na dawa yenyewe ni anachopenda mgonjwa. Kilichobaki ni kumpa, na kuhakikisha mdudu hakigusi.

Shida ni kwamba mama hakupenda tena kitu. Uji aliutema, supu ya samaki ilimchefua, madafu yalimkaa kooni. Hapo mpangaji akarudi kutoka kazini siku moja na kitu kimeviringishwa gazeti. Soda ya chungwa, ya kopo, aliyopewa na mabaharia. Sie soda tulizijua za chupa, tena za sikukuu. Ya kopo hatukuwahi kuigusa. Mama akaivuta ile pete ya juu, ikang'oka yote mkononi, kopo likapiga chafya. Akanywa funda moja akafumba macho. Akanywa jingine. Kisha akachukua ile pete akanivisha kidoleni, akasema, "Haya, umeshaolewa na Mzungu wa melini. Usinisahau huko Ulaya." Tulicheka wote, na bibi akaenda nyuma ya mlango kulia kwa furaha.

Tangu hapo mama hakukubali kingine. Mpangaji alihangaika kadiri alivyoweza, lakini meli si basi, hujui itakuja lini na mabaharia wake wana mkono gani. Kwa hiyo kopo moja lilitakiwa likae siku kadhaa. Na hapo ndipo tulipokutana na tabu ya kopo. Chupa ya soda ukishaifungua unairudishia kizibo chake, na kilichomo unakiona. Kopo likishafunguliwa limefunguliwa, tundu wazi, na ndani giza. Bibi alitaka amimine kwenye glasi, mama akakataa. Alipenda ubaridi wa bati midomoni, alisema glasi inampa ladha ya hospitali.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa naye, akanyoosha mkono akachukua kopo lake, akalipeleka mdomoni, akasita. Akaliweka sikioni. Akanitazama na macho yake yaliyokuwa makubwa siku zile. "Mwanangu," akasema, "humu kuna mtu, na hakupiga hodi." Akaniwekea na mie sikioni. Nyuki alikuwa anavuma mle ndani, hasira tupu. Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Bibi hakucheka. Alikaa chini pale pale sakafuni, akirudia, "Wangemuua mwanangu. Wangemuua."

Bibi akatoa uzi wake akafuma kofia. Kikofia kidogo cha mviringo, kinakaa juu ya kopo sawasawa. Lakini kofia ya uzi nyepesi, upepo unaipeperusha. Inataka shanga pembeni ziivute chini. Shanga madukani hakuna, kama ambavyo hakukuwa na sabuni wala viberiti. Akaingia chumbani kwa mama, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa na shanga mkononi, nyekundu na nyeupe, nazijua. Zilikuwa za mama, za kiunoni, alizovishwa alipovunja ungo, zinazolia taratibu anapotembea. Nilimuuliza bibi kwa nini kamvua. Akasema hakumvua, zimeshuka zenyewe, zimepita nyonga mpaka miguuni. Alisema hivyo huku anatunga shanga kwenye sindano, sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia khanga iliyochuja. Mie mtoto nilifurahi kwa kuwa kofia ilipendeza.

Basi tukalinda. Kopo kabatini, kofia juu yake, miguu ya kabati majini. Nikitoka shule naangalia maji kwanza, ndipo namwamkia mama. Hakuna nzi aliyegusa soda ile, nakwambia, hakuna. Na mama alizidi kuisha. Mafunda yakawa vijiko, vijiko vikawa pamba ya kulowesha midomo. Soda yenyewe ilikuwa imeshapoteza gesi, maji ya sukari tu, lakini bibi aliibeba kwa mikono miwili kama anabeba yai. Majirani walipita kumjulia hali, wakitoka nje wananong'ona kwamba huyo ni wa kuombewa dua tu. Bibi aliwasikia. Alikuwa anajibu kwa kuongeza mafuta ya taa kwenye makopo.

Mama alifariki asubuhi, wakati nakoroga uji. Nyumba ikajaa. Wanawake ndani, wanaume nje kwenye mikeka, masufuria ya watu, khanga za watu, kila mtu ananishika kichwa. Siku zile za matanga hakuna aliyekumbuka makopo ya maji, hata mie. Watu walipotawanyika, nikaenda kabatini kutafuta kiporo. Maji yalikuwa yamekauka, imebaki duara nyeusi ya mafuta. Sisimizi wamepanda mguu, wamepita rafu ya chini, wamefika kwenye soda ya mama. Shanga zinamzuia anayeruka, anayetambaa hazimhusu. Walikuwa wanaingia na kutoka kwenye matundu ya kofia, mstari mwembamba, bila haraka.

Nilimwita bibi kwa kelele, nikidhani ataleta maji ya moto. Alikuja akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Akaufuata mstari kwa macho mpaka kwenye kofia. "Waache wanywe," akasema. "Kilichomla mwanangu hakikupita mdomoni." Hakujaza maji tena. Sisimizi wakaingia kwenye sukari, kwenye mkate, kwenye kila kitu, na bibi yule yule alikuwa akiwapuliza tu pembeni ya kikombe na kunywa chai yake. Kwa balozi hakwenda tena, redio ilizungumza na wengine.

Bibi naye alimfuata mwanawe nikiwa bado shule. Nyumba ya Temeke iliuzwa, ikavunjwa, pamesimama fremu za maduka. Pete ya kidoleni ilinibana nikaikata, sijui niliitupa wapi. Kofia niliihifadhi miaka mingi, kisha katika kuhama hama, leo chumba hiki kesho kile, ikapotea. Nimetafuta mpaka nimechoka. Hata pete siku hizi hazing'oki, zinabaki zimeganda pale pale juu ya kopo.

Pale harusini nilichomoa ile tishu, nikaitupa. Bwana harusi na bibi harusi walikuwa wanalishana keki, watu wamesimama na simu zao. Nikainua kopo, nikaliweka sikioni. Binti niliyekaa naye akaniuliza, "Mama, unasikiliza nini?"

Nikalisogeza zaidi sikioni. Humo ndani hamkuwa na mtu.