Mstari Wangu Katika Rejista ya Viwanja

Siku yangu ya kwanza kazini mudir, yaani mkuu wa ofisi, alinipa penseli tu. Jengo letu hapa Juba lilijengwa na Waingereza, la mawe, lenye veranda pana, nami nilijiona mtu. Ombi la kiwanja tuliliandika kwanza kwa penseli katika rejista. Mpima ardhi akishasimika mawe ya mpaka, mudir alipitisha wino juu ya penseli, na kiwanja kikawa chako.

Nilipohamishiwa chumba cha ramani nilipata kiwanja changu mtaa wa Munuki, nikakiandika kwa penseli. Mawe yakasimikwa, nikamwomba mudir wino.

"Keji," akasema, "karani hujiweka mwisho. Wananchi kwanza."

Niliona ni haki, tena nilijivunia. Ila wananchi hawakuisha, nami nikaendelea kungoja. Kisha vita, khalas, yote yakaisha, tukakimbilia Koboko, Uganda, na huko ndiko nilikozeekea.

Niliporudi nilikuta ukuta wa mtu mwingine kiwanjani kwangu. Wazee wa mtaa walinisikiliza vizuri. Walisema nikiwaletea namba ya mstari wangu katika rejista, kiwanja nitarudishiwa. Lakini ofisi ilishahama, na jengo la zamani sasa ni la kutembelewa. Basi Jumamosi moja nikaingia na watalii, mimi niliyefungua madirisha yale kila asubuhi.

Anayewatembeza wageni ni mama mmoja wa Uganda, mpole sana. Alitueleza kwamba katika chumba cha ramani ndimo gavana alimokuwa akila chakula. Uongo mtupu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye rejista mezani. Nilimsihi afunue ukurasa wa Munuki, akafunua. Mistari ya wino niliitambua yote. Mahali pa mstari wangu palikuwa peupe.

Nikamwambia hapa palikuwa na maandishi.

"Ile ya penseli sisi tulifuta yote, mama. Ilikuwa chafu, na wageni iko nakuja kuona."

Sikumgombeza. Kazi yake aliifanya kwa usafi, hata mudir angemsifu. Niliketi tu sakafuni mbele ya wageni, nikalia.

Sasa nalala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mangateen, na sina tena pa kudai. Wale niliowaandika kwa mkono wangu wana nyumba, na wengine wakiniona hunisalimia kwa heshima. Nyinyi mnaoanza kazi leo, mkubwa akiwaambia mjiweke mwisho, msimsikilize.