Vitambaa Vyekundu Nilivyofunga Msituni

Utepe wa plastiki uliniishia siku ya tatu. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kupima miti katika msitu wa jamii nyuma ya kijiji cha Ganda: unafunga alama kwenye mti, unauzungushia futi usawa wa kifua, unaandika unene. Kutokana na unene huo wataalamu wangekadiria kaboni iliyohifadhiwa humo, na wanakijiji wangelipwa kwa kutoukata msitu wao. Niliogopa kupiga simu ofisini na kukiri kwamba utepe haukutosha. Nikaenda sokoni Malindi, nikanunua kitambaa chekundu, nikakichana vipande.

Nilikichagua chekundu kwa kuwa huonekana kwa mbali. Niliwaza kama mvua ingekifubaza, kama tumbili wangekivuta. Nimekulia mjini, kwa wazazi waliotoka bara, na sikuwaza kabisa kwamba kule kitambaa chekundu kwenye mti ni kazi ya mganga.

Baada ya siku nne nilipita kwa mama mmoja anayefuga vipepeo kando ya msitu. Kila asubuhi alikuwa akiingia kukata majani ya kulisha viwavi, kisha huwauza wanapojifunga vifukoni. Siku hiyo kikapu chake kilikuwa kimening'inia ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mganga."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nani kakutuma uufunge msitu?"

"Sijaufunga, mama. Ni alama tu za kupimia."

"Hakuna aliyekwenda kuni tangu uzifunge. Jirani yangu asema kwanza mlikuja kuuza hewa, sasa mwauza na mikosi."

"Lakini ni kitambaa cha sokoni."

"Na vya waganga vyatoka wapi, mwanangu? Mbinguni?"

Akanionyesha kizimba cha wavu. Majani yalikuwa yamebaki mishipa, na viwavi wakitambaa juu yake wakitafuta. Wasipopata majani siku hiyo, alisema, wangekufa wote. Na kama yeye anayeishi kwa msitu ule hawezi kuuingia, kwa nini akubali kuulinda? Mkutano wa kijiji wa kuamua kama msitu utalindwa ulikuwa Jumatatu. Wachoma makaa walikuwa wameshaanza kuulizia upande wa barabarani.

Nikasema nitaviondoa vyote.

"Aliyefunga ndiye afunguaye," akajibu, akitungua kikapu. "Na afungue mbele ya mtu."

Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mama akijikwaa je? Akiumwa na nyoka? Akipata homa wiki ijayo, homa ya kawaida tu, nani angeamini haikutoka mikononi mwangu?

Nilitangulia. Yeye alisimama nyuma, hakusogea hatua mpaka nifungue kipande na kukitia mfukoni. Fundo moja lilikataa, nikalifungua kwa meno. Kitu kikachakarisha majani makavu, nikaruka.

"Sange huyo," akasema, akinionyesha mnyama mdogo wa pua ndefu aliyepita mbio. "Yeye hajali alama zako."

Tulikuwa tumekaribia miti yake ya majani nilipoona kitambaa kingine. Kilikuwa chekundu, kimesokotwa pamoja na cheupe na cheusi, mafundo matatu. Nikarudi hatua.

"Na hicho?" akauliza.

"Si changu, mama."

"Sasa waelewa? Sisi tungejuaje kipi chako na kipi cha mganga?"

Akarudi nyuma, akauzunguka mti ule kwa mbali, akakata majani upande mwingine. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama mti ule nao nilipaswa kuupima.

"Upime, uone."

Sikuupima. Kwenye fomu niliuruka, na kwa kuwa alama nilikuwa nimeziondoa, kazi ya siku zote zile ikabidi ianze upya.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwake kabla ya chai. Nilimtazama macho, nikatazama miguu kama imevimba.

"Mbona waniangalia kama maiti?"

"Umeamkaje, mama?"

"Mzima. Wewe ndiye mgonjwa."

Majirani wawili wa kike walikuwa wamesimama uani na kamba zao za kuni, nao wakimtazama yeye kama nilivyomtazama mimi. Akachukua kikapu, akaniambia nikae pale pale na wenzake, akaingia msituni peke yake. Tukasimama watatu, tukisikiliza, mpaka panga lake lilipoanza kulia kwenye matawi.