Fundi Saa na Dozi ya Karani

Shemeji yangu ndiye fundi saa wa mwisho mtaani kwetu. Siku hizi kila mtu ana saa ndani ya simu, na kila mtu anachelewa. Kwenye kiti cha wateja hukaa paka, dume la kijivu liitwalo Karani, kwa jinsi anavyokodolea watu macho bila kuwahudumia.

Mwaka huu Karani alianza kunywa maji kupita kiasi, akakonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika kwa kidole. Daktari wa mifugo akasema ni kisukari. Akatoa insulini, sindano nyembamba na kipimo cha damu. Uniti moja asubuhi, moja jioni, akishakula.

"Usibadilishe dozi mpaka tuonane, Mzee."

Unamwambia hivyo mtu aliyeishi miaka arobaini kwa kurekebisha vitu. Siku ya pili kipimo kilisoma sukari ishirini na mbili, juu mno. Shemeji akabana lenzi jichoni, akavuta uniti moja na nusu. Namba haikushuka, akaweka mbili. Akawa anamtoboa paka sikio kupima damu mara tano kwa siku, halafu anazunguka meza, anarudi, anamtoboa tena. Namba aliziandika kwenye daftari la saa zilizoletwa, ambalo lilikuwa halijaandikwa kitu tangu mwaka juzi.

"Mimi na presha yangu," dada yangu, mkewe, akamwambia, "hujawahi kunipima hata mara moja."

"Wewe unajua kulalamika. Huyu hajui."

"Basi na mimi nitajifunza kulia nyau."

Siku ya sita, mchana, Karani aliporomoka kitini. Miguu ya nyuma ilimlegea kama ya mlevi. Kipimo kikasoma mbili nukta nne, sukari imeshuka mno. Dada akampaka asali kwenye fizi, na shemeji akamkimbiza kwa daktari amemfunika kwa koti lake la kazi. Nilimfuata nyuma nikihema.

"Umemchoma ngapi?" daktari akauliza, paka alipofumbua macho.

"Tatu."

Mimi ningemgombeza. Daktari alisema polepole, "Mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea dozi. Ukikimbizana na kila namba, utamuua. Tunarudi kwenye moja, wiki nzima. Pima, andika, usiguse."

"Na ikiwa juu?"

"Andika kwamba iko juu."

Siku tatu shemeji alivumilia, akipangua na kupanga upya bisibisi zake. Ya nne, mama mmoja akaleta saa ya ukutani ya marehemu baba yake. Inachelewa, akasema, na angesubiri hapo hapo. Shemeji akazungusha nati ya timazi, ule uzito unaobembea ndani ya saa, kidogo sana.

"Iache wiki moja."

"Wiki ya nini, fundi? Si umeshaizungusha?"

"Nimeizungusha, sasa itembee. Ukiigusa kila siku hutajua kosa ni la saa au la mkono wako."

Alisema kwa hasira, kisha akageuka kumtazama Karani. Mimi nikatazama dari.

"Amesikia?" dada yangu akauliza kutoka chumba cha nyuma.

"Nani, mteja?" nikauliza.

"Baba watoto."

Jioni hiyo kipimo kilisoma ishirini na moja. Shemeji akavuta insulini mpaka moja na nusu. Akasimama na sindano mkononi, lenzi jichoni, paka akimsubiri. Kisha akasukuma ile nusu ikadondoka sakafuni, akachoma moja.

Siku ya saba ya wiki hiyo kipimo kilisoma kumi na tano. Daktari akaongeza nusu.

"Nusu tu?"

"Nusu, na wiki nyingine."

Yule mama naye, wiki yake ilipotimia, alikuja kuchukua saa yake. Bado ilichelewa dakika moja. Shemeji akagusa nati kwa ncha ya kidole, akamwambia arudi baada ya wiki. Mama akalalamika sana, tena amesimama, maana kiti kilikuwa na mtu, akimkodolea macho.