Bamba la Mbele

Watu wa Macalder waliliita kifaru, na kila walipoliita hivyo nilikasirika. Kifaru kina mzinga juu. Hili lilikuwa gari dogo la deraya, wazi juu kama sanduku lisilo na kifuniko, linalotembea kwa minyororo badala ya magurudumu ya mpira. Kampuni iliyochimba dhahabu wakati wa ukoloni ililinunua vita vilipokwisha, ikalitumia kuvuta matoroli, kisha ikaondoka na kuliacha porini. Katika miaka ya tisini akaja mzee mmoja Mzungu, mkulima kutoka upande wa Naivasha aliyekusanya magari ya vita. Alilinunua likiwa mifupa mitupu, akaniuliza kama ningeweza kumtafutia vipande vyake na kulisimamisha tena. Nilikuwa na gereji Migori, ufundi nilijifunzia Homa Bay, na sikuwa na tabia ya kukataa kazi eti kwa sababu siijui.

Vipande havikupotea. Vilikuwa kwa watu. Huko Kisegi, kando ya ziwa, nilikuta pingili za mnyororo zimegeuzwa nanga za mitumbwi. Magunga, gurudumu moja lilikuwa kengele ya shule, na mwalimu mkuu hakuliachia mpaka nilipompelekea rimu ya lori inayolia vizuri zaidi. Habari zilipoenea, kila mtu aliniletea takataka zake: vyuma vya plau, vya pampu, mmoja hata mguu wa kitanda. Niligonga kwa spana, nikasikiliza, nikapitisha tupa. Chuma cha kawaida hulika, lakini juu ya chuma cha deraya tupa huteleza tu. Niliwarudishia vitanda vyao, nikaendelea.

Mwishowe likabaki bamba la mbele, lenye tundu la kupitishia bunduki.

"Bila hiyo bamba, fundi, hii ni mkokoteni tu," Mzungu aliniambia.

Nilijua lilipo. Kila mtu wa kwetu alijua. Lilikuwa limefunika shimo alimofia kaka yangu.

Kaka alikuwa mchimba dhahabu. Shimo liliporomoka akiwa chini, wakati huo mimi nikiwa bado Homa Bay. Kesho yake wachimbaji wenzake, wakiongozwa na baba mdogo, walilikokota lile bamba wakaliweka mdomoni mwa shimo, wakaziba tundu kwa jiwe na kurundika mawe mengine juu, watoto na ng'ombe wasije wakatumbukia. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshazika yago. Hili ni tunda refu na zito la mti wa porini. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa yago mahali pake, katika kaburi la kweli na kwa maombolezo yote. Ni desturi ya huruma, sina ugomvi nayo, ila nilishangaa walivyoharakisha.

Mama hakulia. Alisema wamezika tunda, wasimsumbue. Mwanawe amevuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya Tanzania na siku moja atarudi. Miaka ikapita, naye aliendelea kulianika blanketi la kaka juani na kulikunja tena. Niliumia kumwona hivyo. Siku nyingine nilimwonea wivu.

Kwa hiyo nilipomtajia bamba nilitarajia anifukuze. Badala yake uso wake ulichangamka.

"Lifungueni," alisema. "Mtaona hakuna mtu humo. Nataka watu wote waje waone."

Hapo nikaingiwa na hofu. Tukikuta mifupa, mama angebaki na nini?

Aliyekataa ni baba mdogo. "Mtu ameshazikwa," alinifokea. "Wewe na Mzungu wako mtatuamshia jachien." Jachien ni mzimu wa marehemu mwenye kinyongo, na watu wengi kwetu wanauogopa kuliko polisi. Nilimjibu kwamba mimi ni fundi, sio mganga. Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Siku ya kazi alikuja hata hivyo, akasimama mbali, kofia mkononi. Tuliondoa mawe, tukafunga mnyororo, tukavuta kwa winchi ya mkono. Bamba liliinuka upande mmoja, likapinduka na kulala chali kwenye nyasi. Watu wakalikimbilia shimo. Lilikuwa na maji ya rangi ya chai karibu hadi juu. Tulitumbukiza fito, tukapekua kwa ndoana, tukapata tope.

Mama alianza kucheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu. "Niliwaambia!" alisema, akimshika mkono kila aliyekuwa karibu. "Si niliwaambia?"

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya bamba, kama fundi yeyote, kuangalia kutu imelila kiasi gani. Upande uliokuwa chini, kuzunguka lile tundu, kulikuwa na vidonda vidogo vingi, vimerundikana mahali pamoja. Havikuwa vya risasi. Risasi huacha shimo la mviringo, tena upande wa nje. Hivi vilikuwa vya tindo, na ncha ya tindo yenyewe ilikuwa imevunjika na kunasa kwenye ukingo wa tundu. Kaka alikuwa amejifukua kutoka kwenye udongo, akapanda mpaka juu, akakuta amefunikwa. Nilitamani niwe na ujuzi wa kazi nyingine yoyote duniani.

Mama aliniona. Kicheko kikakatika.

"Ni nini, nyathina, mwanangu?"

Ningeweza kumwambia ni alama za vita, naye angeamini. Lakini ulimi ulikataa.

"Ni tindo, mama. Kutoka ndani."

Alipiga magoti, akaingiza kidole katika kidonda kimoja, kisha kingine, taratibu, hadi akaifikia ile ncha. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Halafu akageuka kumtazama baba mdogo kule alikosimama.

"Shemeji. Mlisikia?"

Baba mdogo aligeuza kofia yake mikononi. Nilidhani atakana, na ningempiga, Mungu anisamehe, mzee kama yule.

"Tulisikia," alisema. "Tulirudi kuchukua vifaa vyetu, tukasikia kunagongwa. Tukajua ni jachien, anadai azikwe. Tukakimbia. Ndiyo maana tukazika yago upesi, apate kutulia. Na tulipomaliza kuzika, kugonga kukaisha. Tukamshukuru Mungu."

Mama akapiga nduru. Wanawake wa maboma ya jirani waliacha walichokuwa wakifanya na kuja mbio huku wakilia, kama wanavyokuja mtu anapokuwa amekufa sasa hivi.